Kata ya Tano

Mjini Paarl mnara wa msikiti uliita mara tano.
Kwetu Kliprug ilikuwa kengele,
na baba akaitika na kikombe mkononi:
kopo lililowahi kuwa la maziwa,
ukingo wake umekunjwa kwa koleo
usimkate midomo.

Kata ya kwanza alfajiri, kuamsha vidole.
Ya pili saa tatu.
Ya tatu saa sita, pamoja na mkate.
Ya nne saa tisa, jua limesimama juu ya mizabibu
kama mnyapara.
Ya tano jioni, kubwa kupita zote,
mtu afike kwake bila kuuliza mshahara.

Dawid Fielies. Mpogoaji.
Alianza kazi ana miaka kumi na miwili.
Mtoto alipewa nusu kata.

Msinisomee ile ya mgema na sifa zake.
Huyu hakuna aliyemsifu,
na tembo lake hakulitia maji:
alilipewa lilivyo, masimbi ya chini ya pipa,
kile ambacho meli zilikikataa.

Ijumaa Ockert alifungua daftari.
Fielies, siku sita.
Toa mvinyo. Toa unga. Toa deni la Mei.
Mama alisubiri langoni na mfuko wa kitambaa,
awahi zile sarafu
kabla hazijajua njia nyingine.

Mama naye alikunywa.
Neno hili nimekaa nalo miaka mingi.
Julai, sakitu imelala juu ya nyasi,
mkasi wa chuma unanata ngozini,
na kata inapita safu kwa safu, ya moto pekee
katika bonde zima.
Tumboni alikuwa na Jonas.
Mwalimu alisema Jonas hesabu hazimkai kichwani.
Lakini mpeleke shambani usiku, bila taa,
atakuonyesha mzabibu ulioungua mwaka wa ukame,
na ule aliouegemea mama
akipumzika.

Kisha sheria ikafika hata kwetu.
Kengele ikafungwa kamba ulimi.
Mwenye shamba akaweka mkono kifuani, akasema
kuanzia leo ni pesa taslimu.
Juma lile baba alitetemeka
hata akajikata kidole cha shahada,
akakitazama kikivuja
kama cha mtu mwingine.

Pesa taslimu, naam. Kwa kreti.
Mvua ikinyesha hakuna kreti.
Zabibu zikiisha hakuna kazi, na nyumba ni ya shamba.
Na njiani, hatua mia mbili kutoka lango,
pana duka lenye mvinyo wa lita tano katika mfuko wa fedha,
chukua leo, lipa Ijumaa.
Nyuma ya kaunta, daftari.
Naujua mwandiko.

Sheria iliondoa kata.
Haikuondoa saa.

Nilimpeleka zahanati ngozi ikiwa imegeuka njano.
Daktari kijana, mpole, kalamu tayari:
"Mzee, unakunywa kwa nini?"
Baba akatafuta ukutani.
"Saa ngapi sasa?"
"Saa tisa."
"Basi."

Daktari aliandika kitu kirefu.
Sidhani kama aliandika hilo.

Mimi niko ghalani, upande wa lebo.
Chupa elfu nne kwa zamu, glavu za mpira,
mgongo umesahau kunyooka.
Karatasi inasema: cheri, moshi kidogo,
mwisho mrefu.
Wageni huja na basi, huzungusha glasi,
huonja, hutema ndooni.
Siku ya kwanza nilipoona wakitema
nilikwenda chooni nikakaa.
Sikulia. Nilikaa tu
nikifikiria ile ndoo.

Kopo la baba liko dirishani kwangu.
Nililipandia kitunguu, kikaoza.

Saa tisa king'ora cha chai kinalia.
Sinywi, sijawahi, muulizeni yeyote.
Lakini kila siku, saa tisa,
kabla sijazima mashine,
mate yananijaa.